Bi Punguza na Magongo Yetu

Ukimwambia wifi yangu kwamba umemsubiri nusu saa, atakuuliza kama ulitazama saa ulipofika. Hakusudii ubaya. Ndivyo alivyo, na mimi niliyeolewa na mdogo wake nimekula naye meza moja miaka ishirini na mbili bila kumzoea kabisa.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima. Kazi yake ilikuwa kwenda kutazama kilichoungua, kilichogongwa, kilicholowa au kilichosemekana kuibwa, kisha kurudi ofisini na kuandika hasara ni kiasi gani hasa. Wenzake walimpa jina la Bi Punguza. Hakuna aliyemwonyesha kabati lililoungua asiambiwe kwamba mlango wake mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa hata kabla ya moto. Siku ya harusi yangu mshereheshaji alitangaza wageni mia tatu. Wifi akazunguka ukumbi taratibu, akarudi kumnong'oneza bwana harusi kwamba ni mia mbili na arobaini, na hapo amewahesabu wapiga picha. Mume wangu alicheka. Mimi nilinuna mpaka keki ikakatwa.

Alipoacha bima, hakusema kwa nini. Alikaa nyumbani miezi michache akitengeneza bustani isiyohitaji kutengenezwa, kisha shule moja ya watoto viziwi ikamwomba awasaidie kujaza fomu ya ruzuku kwa kuwa walisikia anajua karatasi. Fomu ikapita. Shule ikamtaja kwa zahanati, zahanati ikamtaja kwa kituo cha wazee, na kabla ya mwaka kwisha wifi alikuwa na meza, mashine ya kuchapia, na kazi mpya ya kuandika maombi ya ruzuku kwa mashirika madogo ambayo hayana mtu wa kuyaandikia.

Niliwahi kufuatana naye kwenye semina ya watu wa kazi hiyo. Kila mmoja aliombwa aseme alitokea kazi gani, na nilikaa wima kusikiliza, maana nilidhani kuna chuo wanakotokea wote. Wapi. Alikuwepo mwalimu wa darasa la tatu, mhariri wa gazeti lililokufa, karani wa mahakama, muuguzi aliyeumwa mgongo, na bwana mmoja aliyeuza magodoro miaka kumi na mbili, ambaye alisema kumshawishi mfadhili si kugumu kama kumshawishi mtu kwamba godoro lake la zamani limekwisha. Mwalimu alisema yeye huandika kama anayemfafanulia mtoto. Mhariri alisema yeye hukata. Ilipofika zamu ya wifi akasema, "Mimi nilikuwa nawakatalia watu. Kwa hiyo najua mahali msomaji atakapotia kidole." Akakaa. Watu walicheka, yeye hakucheka.

Sasa nije kwenye letu. Mimi naendesha ghala la kuazimisha vifaa vya kutembelea: magongo, viti vya magurudumu, fremu za chuma za wazee, na viti vichache vya kuogea. Mtu akivunjika mguu, au mzee akipooza, familia inakuja, inaandikwa kwenye kadi, inachukua kifaa bila malipo na kukirudisha ikimaliza. Tulianza na jozi nne za magongo ya marehemu baba yangu na ya jirani zake. Tumefika vifaa tisini. Ghala lenyewe ni vyumba viwili nyuma ya duka la rangi, dari inavuja pembeni, na fundi wetu wa magurudumu hufanyia kazi barazani kwa sababu ndani hakuna nafasi ya kugeuza kiti.

Mwaka juzi mwenye nyumba alitupa notisi. Alitaka vyumba vyake ifikapo mwisho wa mwaka, na hakuwa mkorofi, ana watoto wake. Lakini hatukuwa na pa kwenda wala cha kulipia. Bila ruzuku, mwezi wa kumi na mbili ghala lingefungwa na vifaa tisini kutawanywa kwa yeyote mwenye stoo. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Kulikuwa na mfuko mmoja tu wa ruzuku uliofaa, na sharti lao la kwanza lilikuwa wazi: shirika liwe limehudumia watu wasiopungua mia mbili katika mwaka uliopita.

Nilifungua daftari langu la kuazimisha, nikajumlisha, nikapata mia mbili na kumi na mbili. Nikashusha pumzi. Nikampelekea wifi daftari, kadi na fomu, pamoja na mkate wa kumlainisha, nikamwambia tuna wiki nne.

Siku mbili baadaye alikuja ghalani asubuhi, akavuta kigoda, akaweka kadi mapajani.

"Wifi, hawa si watu mia mbili na kumi na mbili," alisema. "Hizi ni mara. Umehesabu mara walizokuja. Huyu mama wa mtaa wa kiwandani peke yake amekuja mara nne. Watu ni mia moja arobaini na tatu."

Nikamwambia kila mara ni huduma. Akasema fomu haikuuliza huduma, imeuliza watu. Nikamwambia kila shirika hufanya hivyo hivyo. Akasema anajua, na kwamba wengi hukamatwa hapo hapo, kwa sababu mtu wa mfuko hufungua kadi. Nikamwambia kwamba watu wa bima wamezoea kunyima hata kinapokuwa si chao cha kunyima, na kwamba yeye akiombwa aandike idadi ya vidole vyangu angepunguza viwili kwa uchakavu. Hilo halikuwa neno la kumwambia wifi, tena mkubwa. Nililijua hata kabla halijamaliza kunitoka. Alikusanya kadi zake, akazipanga zilingane, akaenda zake bila kuaga.

Siku mbili hatukusemezana. Mume wangu alipita katikati yetu kama mtu anayevuka sakafu iliyotoka kupigwa deki. Alijaribu kuniambia kwamba dada yake hana dogo kwenye namba lakini si mtu mbaya, nikamwambia ubaya sikuutaja. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu, na hofu yangu hupenda kuvaa nguo za hasira. Mia moja arobaini na tatu ilimaanisha tusijisumbue hata kutuma.

Siku ya tatu nilimkuta wifi ghalani kabla yangu. Fundi alikuwa amemfungulia. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mapajani ana jozi moja ya magongo ya chuma iliyokuwa imerudishwa wiki ile, na amevaa miwani yake ya kusomea ambayo huivaa kwa kazi tu. Hakusalimu. Aliniita nikae.

Magongo yetu yana mguu wa ndani unaoingia katika mguu wa nje. Mguu wa nje una vitundu tisa, wa ndani una kipini cha springi. Unabonyeza kipini, unavuta au unasukuma, kipini kinatokea kwenye kitundu unachotaka, na gongo linakuwa refu au fupi kulingana na mtu. Mimi nimeyashika magongo hayo miaka kumi na moja, nimeyafuta vumbi, nimeyabadilishia soli za mpira. Sikuwahi kuvitazama vitundu.

"Tazama kitundu cha pili," alisema. "Rangi imelika pande zote. Cha tano kimelika. Cha saba kimelika zaidi. Hivi vingine vyote ni vipya." Kisha akachukua kadi ya yule mama wa mtaa wa kiwandani. "Jozi hii imekaa kwake mara tatu katika zile nne. Sasa niambie, wifi. Huyu mama anarefuka na kufupika?"

Hakusubiri jibu. Alichukua mkoba wake, akatoka.

Alirudi alasiri kutoka kwa yule mama, viatu vimejaa vumbi. Yule mama alivunjika mguu mwezi wa pili, akaja kuazima. Akapona, akarudisha. Mwezi wa nne alikuja kuazima tena, lakini si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya baba mkwe wake, mrefu kama mlingoti, ambaye angekuja vipi mwenyewe na mguu haukanyagi? Kitambulisho kilichoandikwa kwenye kadi ni cha aliyekuja. Mara ya tatu aliazima kwa binti wa jirani, mtoto wa miaka kumi na moja. Mara ya nne alichukua kiti cha magurudumu kwa mama mzee wa nyumba ya mkabala. Na hata yale magongo ya baba mkwe, mzee alipokuwa amelala mchana, yalikwenda kwa dereva wa lori wa chumba cha nyuma aliyeteguka nyonga. Kwenye kadi zangu alikuwa mtu mmoja mara nne. Mtaani kwake walikuwa watu watano.

"Nimekosea," wifi alisema. Nikatazama dirishani kuona kama jua liko mahali pake. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na nilikuwa nimejiandalia vijembe vya kutosha mwezi mzima. Havikutoka. Alikuwa ameshika tama, na uso wake haukuwa wa mtu anayetaniwa.

Ndipo aliponieleza, barazani, fundi wetu akiwa amekwenda kununua spoki za magurudumu.

Katika mwaka wake wa mwisho wa bima, karakana ya fundi cherehani mmoja iliungua. Fundi alidai cherehani kumi na moja. Stakabadhi zilikuwa za cherehani sita. Wifi alipangiwa kwenda kuona, siku yenyewe ikanyesha mvua kubwa, barabara ya huko ikawa tope tupu. Akaamua kukaa ofisini na kufanya kazi kwa karatasi. Karatasi zilisema sita, mtu anasema kumi na moja. Akaandika kwamba madai yametiwa chumvi, na kwa masharti ya kampuni ile, dai likitiwa chumvi mahali pamoja linaanguka lote. Fundi hakupata kitu.

Baada ya siku kumi fundi alifika ofisini na barua mkononi. Hakupiga kelele. Alimuuliza kama ndiye aliyemkatalia, wifi akasema ndiye. Fundi akamwambia, "Siku ile nilikuwekea kiti barazani. Nilikaa nacho mpaka jioni." Akakunja barua, akaondoka.

Wifi alikwenda kesho yake. Majivu yalikuwa bado hayajazolewa, na vichwa vya cherehani vya chuma haviungui vikaisha. Alivihesabu. Vilikuwa kumi na moja. Vitano vilikuwa vya mafundi wenzake waliokuwa wamepanga kona humo ndani, na yule fundi alividai kwa niaba yao kwa kuwa paa lilikuwa lake. Wifi aliomba faili lifunguliwe upya, wakubwa wakasema limefungwa. Akaomba tena, wakamwambia yeye ndiye aliyelifunga. Mwisho wa mwaka akaandika barua ya kuacha kazi.

"Sikuwahi kurudi kwake," alisema. "Ningemwambia nini?"

Nilijisikia vibaya kwa yale niliyomtupia kuhusu vidole. Nilimwomba radhi. Akasema vidole vyangu ni kumi na atanipa hati nikitaka.

Kutoka siku hiyo wifi akawa kiguu na njia. Kadi mia moja arobaini na tatu, na wiki tatu na ushei. Asubuhi alichukua kadi za mtaa mmoja, jioni alizirudisha na daftari limejaa. Aliuliza kila nyumba nani hasa alikitumia kifaa, kwa muda gani, na kama ni magongo, kwa kitundu cha ngapi. Mimi nilikwenda naye siku za Jumamosi na nilijifunza mengi ya aibu kuhusu ghala langu mwenyewe. Kiti kimoja cha magurudumu kilikuwa kinampeleka mzee zahanati Jumatatu na mwanamke wa ghorofa ya juu kanisani Jumapili. Fremu moja ilikuwa inazunguka kwa ndugu watatu, wote na magoti yale yale ya familia. Wakati mwingine namba ilishuka. Palikuwa na bwana aliyekuwa ameandikwa kwenye kadi mbili, moja kwa jina lake na nyingine kwa jina la utani, naye wifi alimfanya mmoja bila huruma.

Jumla ilikuwa watu mia mbili thelathini na tisa. Wifi aliihesabu mara tatu, kisha akanipa mimi niihesabu, kisha akampa mume wangu, ambaye alipata mia mbili thelathini na nane akafukuzwa mezani. Tuliambatisha orodha nzima. Katika kisanduku cha mwisho cha fomu, wanapouliza kama una la kuongeza, aliandika mistari sita kueleza kwamba kadi zinasema mia moja arobaini na tatu, kwa nini, na kwamba anayetaka kujua ukweli aje ashike gongo.

Mfuko ulijibu baada ya mwezi. Afisa wao angekuja kukagua siku ya Jumatano, saa nne asubuhi.

Jumatano ile mvua ilianza alfajiri. Kufikia saa mbili mtaa wa mbele ulikuwa umejaa maji ya rangi ya chai, na mwenye duka la rangi alikuwa ameweka mbao mlangoni. Saa tatu na nusu simu yangu ikalia. Alikuwa afisa. Sauti ya mtu mzima, mpole, kwa nyuma nasikia vijiko vya ofisini. Alisema barabara haipitiki vizuri, kwamba uamuzi unatakiwa Ijumaa, na kwamba nisiwe na wasiwasi, angefanya kazi kwa karatasi. Ila akaongeza kwamba kuna kitu kidogo kinamtatiza, maana kadi na orodha hazilingani.

Nilianza kusema ndiyo, naelewa, kama tunavyosema kwa watu wenye fedha. Wifi alinyoosha mkono, akaichukua simu kutoka sikioni mwangu.

"Bwana afisa, shikamoo au marahaba sijui, sijakuona," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika hiyo fomu. Zamani nilikuwa na kazi kama yako. Siku moja ilinyesha hivi hivi, nikakaa ofisini na karatasi, na karatasi zilikuwa sahihi kabisa. Mtu mmoja alipoteza karakana yake. Siku hiyo alikuwa ameniwekea kiti. Sisi tumekuwekea chako. Hatutakiondoa mpaka jioni."

Akakata. Nilimtazama nikiwa nimepigwa na butwaa, maana namna hiyo hasemeshwi mtu anayetarajiwa kukupa ruzuku. Nilimuuliza afisa amejibu nini. Akasema hakumpa nafasi ya kujibu.

Akaingia ndani, akatoa kile kiti chetu kimoja cha mbao chenye mgongo mzima, akakifuta, akakiweka barazani mahali ambapo mvua haifiki. Pembeni yake akaegemeza ile jozi ya magongo. Kisha akaketi kwenye kigoda chake. Saa nne ilipita. Saa sita ilipita. Watu wawili walikuja kurudisha vifaa, mmoja akataka kukaa kwenye kiti, wifi akamwambia kina mwenyewe. Saa nane nilimletea chakula akala akitazama barabara. Nilitaka kumwambia aingie ndani, na nilijua ni bora nisimwambie.

Saa tisa kasorobo mtu alitokea kwenye kona akitembea kwa miguu, suruali ameikunja mpaka magotini, viatu mkononi, mwavuli umegeuka nje. Alikuwa bwana wa makamo mwenye mvi za pembeni. Gari lake alikuwa ameliacha ng'ambo ya maji. Alipanda baraza, akasalimu, akatazama.

"Hiki kiti cha nani?"

"Chako," wifi alisema. "Kimekusubiri tangu saa nne."

Hakukaa kwanza. Aliinama akachukua gongo, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye vitundu kimoja kimoja kama mtu anayepapasa shingo ya mtoto kutafuta homa. Akafika cha pili, akasita. Cha tano. Cha saba.

"Watatu," alisema.

"Wanne," wifi akamjibu. "Cha saba wanatumia wawili. Baba mkwe na dereva wa lori wanalingana."

Afisa alikaa kwenye kiti. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye sakafu yetu. Aliomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka mvua ikakatika.

Barua ya kukubaliwa ilifika wiki iliyofuata, na sasa ghala lina chumba kimoja kikubwa kisichovuja na fundi anageuza viti ndani bila kugonga ukuta. Kadi zetu mpya zina mstari mmoja zaidi: nani atakitumia. Niliisoma barua kwa sauti na nikalia bila kujificha. Wifi aliichukua, akaisoma mwenyewe kuona kama sikuongeza kitu, kisha akachukua mkoba wake akasema anatoka kidogo.

Hakurudi mpaka saa kumi na mbili. Tulikuwa mezani. Mume wangu alimuuliza alikuwa wapi, akasema alikwenda kwa fundi cherehani. Tukaacha kula. Nilimuuliza kama alimkuta, akasema alimkuta, ana cherehani moja sasa, chini ya kibaraza cha duka la mtu. Nilimuuliza alimwambia nini. Akasema alisimama tu pale barabarani na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamwishia.

"Na yeye je?" nikamuuliza.

Wifi alivua miwani, akaiweka mezani.

"Alinitambua," alisema. "Akaingia ndani, akaniletea kiti."